Maoni ya Msomaji wa Pili

Kwa miaka ishirini na miwili, Mwalimu alikuwa mtu wa kuitwa vita vinapotulia. Bunduki zikinyamaza tu, yeye huyo na begi lake. Atawahoji waliopigana, atawahoji waliokimbia, kisha ataandika ripoti ya kuyaeleza mashirika ya kimataifa amani ile ishikweje isije ikavunjika. Darasa hakuwahi kufundisha. Jina la Mwalimu alipewa na wasaidizi wake, na mmoja wao alikuwa binti waliyemwita Kinasa, kwa sababu ndiye aliyebeba kinasa sauti.

Binti akakua, akasoma, akaanza kuitwa mwenyewe. Leo yuko nchi hii, kesho ile. Simu za Mwalimu zikapungua. Akisikia jina la Kinasa likitajwa mkutanoni, alitabasamu na kusema, "Huyo nilimlea mimi," huku moyo ukimuuma kama kidonda kilichotiwa chumvi.

Siku moja shirika moja lilimtumia rasimu ya ripoti aisome na kutoa maoni kama msomaji wa pili. Jina la mwandishi lilikuwa limefutwa, na lake pia lingefichwa. Lakini kufika ukurasa wa tatu alishajua ni kazi ya nani. Zile sentensi fupi fupi alimfundisha mwenyewe.

Ripoti ilihusu vijiji viwili vilivyopigana miaka minne kwa ajili ya malisho. Mwalimu naye alikwenda huko zamani, akaandika kwamba wanawake "hawakuwa tayari kuzungumza." Kinasa alikaa nao wiki saba, akafua nao nguo mtoni, na wakamfungulia mioyo. Kumbe muda wote wa vita wao ndio waliokuwa wakivuka usiku kupelekana dawa na habari. Amani haikuletwa na wazee waliotia saini. Ilikuwa imeshashonwa na wanawake hao.

Mwalimu alisoma mara mbili. Ilikuwa kazi nzuri, na uzuri wake ndio uliomkereketa. Akaandika: "Mbinu ni dhaifu. Mtafiti amejenga mno mazoea na wahojiwa. Isichapishwe." Akatuma kabla moyo haujambadilika.

"Mbona umenuna hivyo?" mkewe alimuuliza mezani.

"Kazi tu."

"Kazi gani inayokufanya uchokonoe chakula kama mgonjwa?"

Akasukuma sahani, akainuka.

Baada ya siku tisa Kinasa alibisha hodi ofisini kwake, karatasi mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

"Kuna mtu ameiponda ripoti yangu, na shirika limeisimamisha. Nimesoma maneno yake hadi nimeyakariri. Nisaidie nimjibu. Wale kina mama niliwaahidi kwamba habari zao zitasomwa."

Akamwekea karatasi mezani. Mwalimu akayatazama maneno yake mwenyewe.

"Ni mtu anayelijua eneo lile," Kinasa aliendelea. "Ndiyo maana yameniingia. Nimeanza kujiuliza, labda kweli sijui kazi."

Angeweza kumsaidia kuandika jibu, ashukuriwe, mambo yakaishia hapo. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini ile "labda sijui kazi" ilimshinda kuimeza.

"Niliyeandika ni mimi," alisema.

Kinasa alicheka kidogo, akidhani ni utani. Kisha akaacha kucheka.

"Kwa nini?"

"Wivu. Walikwambia wewe. Mimi hawakuniambia."

"Hukuwauliza, Mwalimu. Uliwauliza waume zao. Nilikuwapo, nimeshika kinasa."

Akazikusanya karatasi zake, akatoka bila kuaga.

Jioni ile Mwalimu aliliandikia shirika: anamjua mwandishi, alimwonea, na maoni yake yafutwe. Walimjibu kwa mistari miwili na kumtoa kwenye orodha ya wasomaji wao. Ripoti ilichapishwa. Nakala hakuletewa, akaitafuta mwenyewe mtandaoni.

Mwaka uliofuata Kinasa alipiga simu. Hakuwa na maneno mengi: alitaka kujua nani alikuwa mkalimani wa mazungumzo fulani ya zamani, katika mji ambao Mwalimu aliwahi kuufanyia kazi. Mwalimu akamtajia, akampa na namba.

"Unaenda huko?"

"Kesho kutwa. Wameniomba niongoze timu."

"Hongera," alisema, na safari hii alijilazimisha kuongeza, "Unastahili."

"Asante, Mwalimu."

Simu ikakatika. Wivu ulikuwepo palepale, haujasogea hata hatua. Akavuta kiti, akaanza kumwandikia orodha ya wajane wa mji ule ambao yeye hakuwahi kuwahoji.