Kitabu cha Mke Asiyejua Kusoma

Nkwabi alijua vizuri kwamba mke wake hajui kusoma. Germana alikulia machungani, na siku wenzake walipoandikishwa shule yeye alibaki na ndama. Ndiyo maana jambo hili lilimsumbua: kila alfajiri, kabla ya kuwasha moto, Germana aliketi mlangoni, akafungua kile kitabu kikubwa cha Maandiko alichopewa na akina mama wa kanisani, akakaa nacho kitambo. Hakukipekua ovyo. Alikwenda kwenye ukurasa fulani, akatulia, midomo ikicheza. Kesho yake, ukurasa mwingine.

"Anaangalia nini?" Nkwabi alijiuliza. Lakini hakumwuliza mkewe, maana yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa amesema hataki habari za kanisa kwenye mji wake.

Wakati huo mambo yalikuwa mabaya. Walikuwa wamehamia bonde la Momba, upande wa Msangano, na ng'ombe thelathini na wanne. Ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, iliingia zizini mwezi wa pili. Nkwabi alikwenda hadi Tunduma, akapenya katikati ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, akanunua dawa kwenye duka la mifugo, akarudi kuwachoma sindano mwenyewe. Kufikia mavuno walibaki tisa, bila maksai hata mmoja.

Kaka yake, Makene, alikuja kwa pikipiki kutoka Ndalambo. Hakunywa hata maji.

"Mke wako alikataa kuja kwenye tambiko la baba," alisema, Germana akiwa palepale anapeta mtama. "Eti yeye sasa anasali. Mwezi haujaisha, ng'ombe wakaanza kufa. Wewe huoni?"

"Naona ng'ombe wanaumwa, kaka."

"Nakupa mpaka Jumamosi. Kile kitabu kichomwe, au huyu arudi kwao. La sivyo maksai wangu hutawaona shambani kwako."

Germana alisimamisha ungo. "Shemeji," alisema taratibu, "baba mkwe nilimwuguza kwa mikono yangu mpaka akafa. Simdharau. Lakini ninachomwomba Mungu siwezi kumwomba yeye."

Makene aliwasha pikipiki akaondoka.

Ijumaa, Germana akiwa amekwenda mtoni kuchota maji, Nkwabi alikichukua kitabu kutoka juu ya sanduku la nguo. Alikuwa ameshawasha moto nyuma ya zizi. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, na alitaka kaka yake anyamaze na maksai waje kulima. Ila kabla ya kukitupa, alitaka aone hicho kinachotazamwa kila siku.

Alipokifungua, vumbi la majani makavu lilidondoka. Katikati ya kurasa kulikuwa na vitu: unyoya wa kanga, suke la mtama lililobanwa likawa bapa, kipande cha uzi mwekundu. Na mbele kidogo, nywele nyeusi za mkia wa ng'ombe, zimefungwa fundo. Aliujua mkia ule. Ulikuwa wa ng'ombe wao wa kwanza kufa.

Nkwabi alikuwa amemaliza darasa la saba. Aliusoma ukurasa ule akiwa amesimama. Palikuwa na mtu anayesema kwamba hata mashamba yasipotoa chakula, hata zizi likibaki bila ng'ombe, yeye atamfurahia Mungu vilevile. Nkwabi akarudia kusoma, akidhani ameruka mstari.

Germana aliporudi na ndoo kichwani alimkuta amekaa chini, kitabu mapajani, moto ukififia. Akautazama moto, akamtazama mumewe. Hakutua ndoo.

"Hizi nywele ni za nini?" Nkwabi aliuliza.

"Ni alama, baba Kulwa. Mama Yunisi wa kanisani hunisomea, mimi nashika maneno. Naweka kitu nijue yako wapi."

"Hapa pameandikwa nini?"

Akayasema yote, maji yakimtiririkia shingoni, wala hakukosea. Nkwabi alifuata kwa kidole. Akafungua penye unyoya, Germana akasema. Penye suke, pia akasema.

"Na hili la ng'ombe unaliamini? Zizi tupu, halafu mtu afurahi?"

Hapo ndipo Germana akatua ndoo. "Nilipolisikia nilikasirika. Wiki nzima sikusali, nilikaa tu nalitazama. Mwisho nikamwambia Mungu, mimi hili siliwezi, nifundishe. Mpaka leo sijaliweza lote. Lakini siku hizi naamka bila hofu. Zamani sikuwa hivyo."

Nkwabi akakumbuka siku ng'ombe watatu walipokufa pamoja. Yeye alishindwa kula, na ni Germana aliyemsogezea ugali, akakaa pembeni yake mpaka akala.

Jumamosi Makene alifika mapema.

"Sichomi, kaka," Nkwabi alisema. "Na mke wangu haendi popote."

"Kitabu kimekuroga?"

"Sijui. Bado nakisoma."

Maksai hawakuja. Mvua zilipoanza walilima kwa jembe la mkono, ekari moja na nusu badala ya sita, na viganja vya Nkwabi vilichubuka vibaya. Majirani waliopita njiani waliwacheka. Wakipumzika, Nkwabi alisoma kwa sauti, na akiruka neno kwenye kurasa zile zenye alama, Germana alimrudisha.

Jumapili moja Nkwabi alifuatana na mkewe hadi kanisani, akabaki nje karibu na dirisha. Mama Yunisi akamfuata.

"Karibu, baba. Umekuja kusali?"

"Nimekuja kuuliza."

"Uliza tu."

"Yule mtu wa zizi tupu. Ng'ombe wake walirudi?"

Mama Yunisi alitikisa kichwa. "Haikuandikwa."

"Haikuandikwa?" Nkwabi alikunja uso. "Kwa hiyo alifurahi bila kujua mwisho wake?"

"Bila kujua, baba."

Ndani walikuwa wameshaanza kuimba, na Nkwabi aliisikia wazi sauti ya Germana kati ya zile nyingine. Akavua kofia, akaingia, akaketi kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango.