Sentimita Nne za Dobi

Fundi hakuwa mwongo. Hili lisemwe mapema, maana huko mbele mtu anaweza kumhukumu vibaya. Alikaa nyuma ya cherehani miaka kumi na minane, na muda wote huo kiuno cha mteja kilikuwa kile kile kilichosomeka kwenye utepe, hata kama mwenye kiuno amenuna. Bibi harusi aliyetaka kuandikiwa themanini wakati ana tisini na mbili aliambiwa kwa upole kwamba gauni halina adabu, litapasuka mbele ya watu. Utepe wenyewe aliubadilisha kila mwaka, kwa sababu utepe wa zamani hulegea, na ukilegea hupunja. Sasa ukisikia kwamba mtu wa namna hiyo alidanganya wiki saba mfululizo, jua kuna kilichomfikisha huko.

Kilichomfikisha ni wifi yake. Dada mkubwa wa mumewe, ambaye watu wote walimwita Dobi kwa kazi yake ya kufua na kupiga pasi mashuka ya nyumba za wageni, alikuja kukaa wiki mbili, na wiki mbili zikazaa miezi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hata jembe asingeweza kulinyanyua. Miaka ya kubeba mabeseni ya mashuka yaliyolowa ilimwachia ngiri kitovuni, uvimbe wa ukubwa wa limau uliochomoza kila alipokohoa. Daktari alikubali kumfanyia upasuaji, ila si sasa. Tumbo lina mafuta mengi, alisema, mshono hautashika. Kiuno kilikuwa sentimita mia na kumi na nane. Alitaka kishuke hadi mia na tano, akampa miezi mitatu na tarehe ya kurudi. Asipofikia, jina lake lingerudi mwisho wa orodha, na orodha ilikuwa ndefu ya nusu mwaka.

Bila upasuaji, Dobi asingebeba kitu. Bila kubeba hana kazi, na bila kazi hana chumba chake mwenyewe. Kwa hiyo alilala katika chumba ambacho Fundi alikuwa akikatia vitambaa. Meza ya kukatia iliegemezwa ukutani, miguu imetazama upande, na cherehani ikahamishiwa kibarazani. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili tu. Mtu akitaka kufungua kabati, mwingine alilazimika kutoka nje. Hata hivyo mawifi hawa walipendana. Walitaniana kuanzia chai ya asubuhi, kila mmoja akimwita mwenzake wifi, na kwa Fundi neno hilo lilikuwa na thamani, kwani mumewe alikuwa na dada huyo mmoja tu. Watu wengine wote walimwita Fundi, kama jina la duka.

Muuguzi ndiye aliyeeleza namna ya kupima. Iwe Jumamosi asubuhi, baada ya kutoka msalani na kabla ya kutia kitu mdomoni. Utepe ulale juu ya ngozi, si juu ya nguo, usawa wa kitovu, nyuma na mbele uwe sambamba na sakafu. Mpimwaji atoe pumzi kawaida, asivute tumbo. Mpimaji asivute utepe. Kisha wapime mara ya pili. Fundi alisikiliza kama mwalimu anayefundishwa a-e-i-o-u, akaahidi kwamba kwa hilo wasiwe na shaka.

Jumamosi ya kwanza Dobi alisimama katikati ya chumba, mikono kando, macho ameyafumba kabisa.

"Wewe sema tu, wifi. Mimi kuangalia siwezi."

Mia na kumi na nane. Wiki ya pili, hiyo hiyo. Ya tatu, mia na kumi na saba. Dobi alikuwa ameacha mkate na sukari, chakula cha jioni amekigawa nusu, na kila asubuhi aliizunguka nyumba mara thelathini, taratibu, mkono mmoja juu ya kitovu. Wiki ya nne utepe ukarudi mia na kumi na nane. Fundi alipima mara mbili, kisha ya tatu, akasema ukweli. Dobi alikaa kitandani akalia bila sauti, na siku nzima hakutoka. Jioni alimwambia kaka yake kupitia mlango uliofungwa kwamba anaacha, atakula anavyotaka na atazeekea humo humo chumbani.

Fundi aliyasikia maneno hayo akiwa jikoni. Alimhurumia wifi yake, huruma ya kweli. Lakini chini ya huruma kulikuwa na kitu kingine, nacho ni hofu ya yale maneno mawili: humo humo.

Wiki ya tano utepe ulisoma mia na kumi na saba. Mdomo wa Fundi ukasema mia na kumi na tano. Dobi alifumbua macho, akacheka, akamkumbatia na utepe ungali kiunoni. Mezani kaka mtu alipiga makofi. Siku mbili nyumba ilikuwa na raha ambayo haikuonekana kwa miezi, na Fundi alijiambia ni mara moja tu, wiki ijayo atarudi kwenye kweli. Wiki iliyofuata utepe ulisoma mia na kumi na saba tena. Angesemaje, kwamba mtu ameongezeka mbili kwa kula majani? Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akasema mia na kumi na tatu.

Ikawa ndiyo kazi ya kila Jumamosi. Tarakimu za kweli aliziandika ukurasa wa mwisho wa daftari la wateja, bila jina, kwa kuwa mkono wake haukuweza kuzitupa.

Nguo zikaanza kumsumbua. Dobi alishangaa kwamba kiuno kimeshuka lakini gauni lake la bluu bado linambana. Fundi akamwambia alilete lipunguzwe, kwa nini avae nguo isiyokaa vizuri. Mwenzake alipokwenda kuizunguka nyumba, yeye alifumua mishono ya ubavuni na, badala ya kupunguza, akaachia akiba ya kitambaa aliyoikunja ndani mwenyewe siku alipolishona, upana wa kidole kila upande. Dobi alipolivaa likacheza mwilini. Alizunguka mbele ya kioo mara mbili. Baada ya wiki, gauni la pili. Baada ya hapo, la tatu. Tangu mwenye ngiri akatazwe kufua na hata kusimama kwenye pasi, nguo zake zilipita mikononi mwa Fundi peke yake, kwa hiyo hakuna aliyezichunguza. Lakini gauni la tatu lilipokwisha, hakuna nguo iliyobaki na akiba ndani. Fundi aliligeuza na kuligeuza akitafuta hata nusu kidole, akakosa.

Wiki ya kumi na moja daftari ambamo Dobi aliandika namba alizotajiwa lilionyesha mia na sita. Lile la siri lilionyesha mia na kumi na nne. Asubuhi hiyo Dobi alijikatia kipande cha mkate, akasema amebakiza moja tu, kipande kimoja hakimuui mtu. Fundi alimtazama akikitafuna. Akimkataza ataulizwa sababu, na sababu anaijua. Akammiminia chai. Alijaribu kukiri siku ya pili yake, mumewe akaingia. Akajaribu tena, naye Dobi akamtangulia kwa kumwambia kwamba bila yeye angekwisha kata tamaa zamani. Baada ya hapo ulimi haukuinuka tena.

Jumamosi ya mwisho, siku tatu kabla ya kwenda kwa daktari, Dobi aliamka na furaha. Alisema leo pasi atapiga mwenyewe, gauni la bluu ndilo atakalovaa Jumanne, na tangu lini dobi akapigiwa pasi na mshonaji. Fundi alikuwa kibarazani akitia uzi kwenye sindano. Alisikia pasi ikiwekwa chini.

"Wifi, njoo."

Hakupaza sauti. Fundi aliingia na utepe shingoni. Gauni lilikuwa limelazwa ubavu, na kidole cha Dobi kilikuwa juu ya mstari wa bluu iliyokoza, upana wa kidole hicho hicho, kutoka kwapani hadi kwenye nyonga. Kando ya mstari yalionekana matundu madogo ya sindano ya zamani. Kikulacho ki nguoni mwako, na mtu aliyeshika nguo za watu miaka ishirini huwezi kumdanganya kwa nguo.

"Hapa kitambaa hakijawahi kuona jua," Dobi alisema. "Gauni halikupunguzwa hili. Limeongezwa."

Fundi aliuvua utepe shingoni.

"Namba ya kweli ni ngapi?"

Akalileta daftari, akalifungua ukurasa wa mwisho. Dobi alisoma kwa kidole, mstari baada ya mstari, macho wazi.

"Nilikuonea huruma," Fundi alisema. "Niliogopa utakata tamaa."

"Uliogopa nitakaa."

Fundi alitaka kuapa kwamba sivyo. Alikifungua kinywa, akaona hawezi.

"Vyote viwili, wifi."

Dobi alitikisa kichwa polepole. Hakulia, na Fundi alitamani angelia.

"Nimepungua nne," alisema. "Kwa njaa yangu mwenyewe. Ningezifurahia sana hizi nne. Sasa nikizitazama, naona nane ambazo hazipo."

Jumanne muuguzi alipima mara mbili akapata mia na kumi na nne. Daktari alitazama kadi, akasema sentimita nne ni kazi nzuri, wengi hurudi bila hata moja, mama aendelee hivyo hivyo. Akampa tarehe nyingine, nusu mwaka mbele. Njiani kaka mtu alisimama ghafla akauliza ile mia na sita imekwenda wapi. Fundi alivuta pumzi ili aseme.

"Utepe ulikuwa wa zamani," Dobi alimtangulia. "Umelegea."

Kaka mtu alicheka mpaka akajishika ubavu. Fundi gani huyu asiyeujua utepe wake mwenyewe! Alilirudia kwa jirani wa kwanza na wa pili, na kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa nalo. Wateja wawili walikuja kuomba wapimwe upya. Fundi aliwapima, akasikia wanavyonong'ona, asiweze kujitetea kwa neno hata moja, maana aliyemsingizia ndiye aliyemsitiri.

Jumamosi ikafika. Meza ya kukatia ilikuwa bado imeegemea ukutani, kitanda bado kiko mahali pake. Dobi alisimama katikati ya chumba, utepe mpya ameushika mwenyewe, na Fundi akapiga magoti nyuma yake kuuweka sambamba na sakafu. Hiyo ndiyo kazi aliyoachiwa. Dobi alitoa pumzi, akainamisha kichwa, akasoma kwa macho yake. Kisha akapima mara ya pili.

"Mia na kumi na nne," alisema. "Andika, fundi."

Fundi alisubiri kidogo, labda lile neno wifi litafuata. Kisha akaandika.