Chanja ya Mama Pélagie

Maalim Ayoubu alishuka kwenye pikipiki, mwekundu kwa vumbi. Chama chake cha mjini Kasongo kinawasaidia wauza chakula wa vijijini kupata cheti cha halali, na mama mkwe wangu, Mama Pélagie, alimngoja tangu mvua za kwanza. Bila cheti, wachuuzi Waislamu wa machimboni hawangenunua tena nyama yake ya mbuzi.

Karatasi zote nilizijaza mimi. Darasa la sita si kitu, lakini katika ua ule ndiyo shule kubwa. Tena Mwislamu pale ni mimi peke yangu; baba yangu, Mzee Muzaliwa, ni muadhini Kasongo.

Maalim aliuliza yote. Nani anachinja? Jirani, Ramazani. Chumvi? Ya soko. Akainama kwenye chanja, ile meza ya fito tunayokaushia nyama, akanusa.

"Hapa hapakupita kitu ingine?"

"Mbuzi tu, maalim!" Mama mkwe akacheka. "Mimi Mukristo, lakini siko mwizi."

Mwezi uliopita mume wangu Déo alileta nguruwe wa pori, tukamkausha palepale. Kesho yake mama mkwe akawasha moto mkali chini ya chanja tupu. Kwao chanja haioshwi kwa maji, inaoshwa kwa moto. Kwake jambo liliisha. Mimi kila asubuhi nayaona mafuta yale ya nguruwe kwenye mafundo ya fito.

"Shahidi Mwislamu ni nani?" akauliza maalim.

"Bibi ya Déo huyu, muke wake." Mama mkwe akanigeukia, akaniita kwa jina. "Safi, weka jina lako, mama."

Mdomo wake ulikuwa mtamu. Macho yalinikumbusha kwamba nalala kwake, nakula kwake, na mtoto ni wa ukoo wao. Nikaandika.

"Vizuri," akasema maalim. "Kila mwezi utaandika wewe."

Kila mwezi.

Mama mkwe alikuwa akifunga nyama katika majani, maalim aibebe hadi Kasongo. "Hii mupelekee mukwe mwenzangu, Mzee Muzaliwa. Mumuambie, binti yake ndiye shahidi."

Baba hali nyama bila kuuliza imetoka wapi. Ikitoka kwangu, haulizi.

"Maalim," nikasema, "nirudishie ile karatasi."

"Umekosea jina?"

"Hapana. Jina ni langu."

Mama mkwe aliacha kufunga. "Safi," akasema polepole, "mutoto iko analia mu nyumba. Wende."

Mtoto alikuwa mgongoni mwangu, amelala. Nikamwambia maalim habari ya nguruwe.