Folda ya Sauti ya Mama

Daktari hakumzungusha mama. Alimwambia wazi kwamba operesheni ya koo itamwokoa, lakini itaondoka na sauti yake. Mama alikuwa amefundisha darasa la kwanza maisha yake yote ya kazi, na sauti yake ilikuwa ya kuita watoto kutoka ng'ambo ya uwanja bila kujihangaisha. Alirudi nyumbani, akapika, akaosha vyombo, ndipo akamweleza mumewe.

Mumewe, dereva wa treni aliyestaafu, hakuwa mtu wa maneno mengi. Kesho yake alikwenda dukani akarudi na kinasa sauti kidogo cha kuenea kiganjani. Tangu siku hiyo, kila alasiri, walijifungia chumbani, madirisha yamefungwa na feni imezimwa, akamrekodi. Alimrekodi akisoma gazeti, akihesabu, akiimba nyimbo za darasani, akimwita kila mmoja wa nyumbani kwa jina lake.

"Sema kitu," mzee alikuwa akimwambia.

"Kitu gani?"

"Chochote."

"Nimechoka na wewe. Hicho ndicho kitu."

Hata hayo aliyahifadhi. Akayatoa yote kwenye kinasa sauti, akayaweka kwenye kompyuta ya nyumbani, kwenye folda aliyoipa jina moja tu: Mama.

Kompyuta hiyo ilikaa pembeni mwa sebule, na waliokuwa wakiitumia ni wawili, mzee na binti yake wa mwisho, ambaye tangu utotoni aliitwa Kitinda. Kitinda alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba. Alirudi kwa wazazi ili asaidie kumuuguza mama, akaja na kazi zake, na michoro yake ikaanza kujaa kwenye ile mashine ya watu wazima ambayo haikuzoea mizigo.

Operesheni ilikwenda salama. Mama alirudi na tundu shingoni lililofunikwa kitambaa chepesi, na kibao cheupe cha kuandikia alichokining'iniza kwa kamba begani kama mkoba. Nyumba ikazoea mlio wa kalamu. Ile folda hakuna aliyeigusa. Mzee alisema iachwe kwanza, kidonda bado kibichi.

Siku ya mkosi haikuwa na dalili yoyote. Ilikuwa mchana, na Kitinda alikuwa na ramani ya kukabidhi kabla ofisi haijafungwa. Alipotaka kuhifadhi mchoro, kompyuta ikakataa. Nafasi haitoshi. Alifuta michoro ya zamani, akafuta filamu alizoziacha kaka yake, lakini ule mstari wa kuonyesha diski ilivyojaa ukabaki mwekundu vilevile. Akazipanga folda kwa ukubwa. Iliyokuwa juu kabisa ilikuwa Mama, kwa sababu mzee alirekodi kwa ubora wa juu kuliko wote, hakutaka kumpunja mkewe.

Kitinda akakumbuka maneno ya baba yake: "Ile nimeshaiwekea bekapu kwenye diski ya nje." Akafungua droo, akaitoa diski, akaichomeka. Na kweli, folda ya Mama ilikuwepo, ya njano kama zilivyo folda zote. Pembeni yake chini kulikuwa na kishale kidogo. Jicho lake lilikiona likapita. Hakuifungua. Alirudi kwenye ile ya kompyuta, akaifuta, na kompyuta ilipomwambia ni kubwa mno kwa pipa la taka, kwamba itatoweka moja kwa moja, akakubali. Mstari ukageuka wa buluu. Ramani ikahifadhiwa, ikatumwa, na mwenye ofisi akamshukuru.

Alinuia kumwambia baba yake jioni. Jioni wakaja wageni kumjulia mama hali, na kesho yake jambo lilikuwa limeshamtoka akilini.

Siku chache baadaye mzee alichoshwa na uzito wa mashine, akamwita fundi. Fundi alikuwa mtu wa makamo aliyejulikana mtaa mzima kama Polepole, kwa sababu ndilo neno alilomjibu kila mteja mwenye haraka. Aliibeba kompyuta hadi kibandani kwake ili aisafishe na kuiweka upya kutoka mwanzo.

"Futa bila wasiwasi," mzee alimwambia. "Cha maana ninacho pembeni."

Kompyuta ikarudi nyepesi. Haukupita muda, kaka yake Kitinda akapiga simu kutoka huko anakofanya kazi. Mkewe amejifungua mtoto wa kike.

"Baba, nitumie ule wimbo wa kuhesabu aliouimba mama. Nataka mtoto aanze na huo."

Mzee alivaa miwani, akachomeka diski ya nje, akabofya. Kompyuta ikamjibu kwamba kitu hicho hakipo mahali pake. Akabofya tena, taratibu, kama anayebisha hodi kwa watu waliolala. Kitinda alikuwa amesimama nyuma yake na sinia ya chai. Alikitazama kile kishale, na safari hii alikiona.

"Inasemaje?" mzee akauliza.

"Hiyo si folda, baba. Ni njia ya mkato. Ni kama kibao cha barabarani. Kinaonyesha folda iliko, lakini chenyewe hakina kitu."

"Kwa hiyo mimi nilinakili kibao."

"Ndiyo."

"Halafu nikamwambia fundi afute."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Maneno yalikuwepo, mafupi, yalifika hadi kwenye meno. Akaweka sinia mezani, akamimina chai, akamsogezea baba yake sukari.

Mzee alimweleza mkewe yeye mwenyewe. Mama aliandika "Si kitu" kwenye kibao, akamwonyesha, lakini mzee aliyasoma kama mtu anayesoma tangazo la barua pepe asiyoielewa. Akaacha kusikiliza taarifa ya habari. Akaacha kunyoa ndevu. Kitinda alikuwa jikoni alipomsikia akizungumza na kaka yake kwenye simu: "Nimeipoteza sauti ya mama yako kwa uzembe wangu. Usinitafutie sababu, mwanangu. Mimi nimeendesha treni miaka yote sijawahi kupita taa nyekundu, leo nimeshindwa kukagua folda moja." Kitinda aliendelea kukata vitunguu, na akashukuru kwamba ni vitunguu.

Alijitafutia pa kushika. Alijiambia kwamba hata asingefuta yeye, fundi angefuta. Matokeo yangekuwa yaleyale. Kosa la baba lingetosha peke yake. Alijirudia hivyo akioga, akipiga pasi, akichora kuta za nyumba za watu, na kila mara mawazo hayo yalimtuliza kwa muda wa kumaliza kazi iliyokuwa mkononi.

Mwishowe alikwenda kibandani kwa Polepole, bila kuaga, kuuliza kama kuna namna ya kurudisha.

Kibanda kilikuwa kimejaa mashine zilizofunguliwa matumbo. Fundi alimsikiliza huku akipuliza vumbi kwenye feni.

"Dada," akasema, "sijawahi kusafisha mashine ya mtu kabla ya kunakili kila kitu kwenye diski yangu hapa. Hata akiniambia ana bekapu. Wateja wote wana bekapu, mpaka siku wanapozihitaji." Akavuta kibodi. "Za mzee bado sijazifuta. Ungeniuliza mapema."

Fundi alifungua nakala hiyo, akamsogezea kioo. Ilikuwemo michoro yake. Zilikuwemo picha za harusi ya kaka, risiti za mzee, kila kitu. Folda ya Mama haikuwemo.

"Ingekuwepo nilipoichukua mashine, ungeiona hapa," fundi alisema. "Kuna mtu aliifuta kabla."

Kitinda alihisi kile alichokishika kikimtoka mikononi. Kumbe asingefuta yeye, leo angetoka hapa na sauti ya mama yake mfukoni. Kosa la baba lilikuwa limesamehewa na tabia ya fundi hata kabla baba hajalijua. La kwake ndilo lililobaki.

"Ni mimi," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kuyatamka, na aliyatamkia mtu ambaye hata jina lake la kweli hakulijua. Polepole hakushangaa. Akauliza tu, "Kwenye ile mashine tena hakuna kitu, umeshachorea juu yake, na mimi nimeandika juu yake. Ilirekodiwa na nini?"

"Kinasa sauti. Lakini baba aliifuta kadi yake ya kumbukumbu alipozihamisha sauti."

"Kufuta si neno. Ukifuta, unaondoa jina mlangoni tu, vitu vinabaki chumbani mpaka aje mpangaji mwingine. Alirekodi kingine baada ya hapo?"

"Sijui."

"Kileteni. Msirekodi kitu, hata kikohozi."

Kinasa sauti kilikuwa kwenye kabati chumbani kwa wazazi. Njiani kurudi, Kitinda alianza kupanga. Angekichukua kimyakimya, akipeleke, arudi na sauti. Baba angefurahi, angenyoa ndevu, angemwombea dua mbele za watu kwa kumfutia aibu, na ile habari ya mchana ule ingezikwa. Mpango ulikuwa mzuri kiasi kwamba alitembea haraka. Alipofika, mzee alikuwa uani. Akaingia chumbani, akafungua kabati, akapitisha mkono chini ya mashuka, akakishika kinasa sauti.

Nyuma yake kalamu ikalia. Mama alikuwa amekaa kitandani upande wa giza, na Kitinda hakuwa amemwona. Kibao kilisema: "Unatafuta nini?"

Kitinda alifungua mdomo ili aseme uongo, na akaona ni jambo la aibu kumdanganya mtu asiyeweza kukatiza. Alikaa sakafuni akaeleza yote, tangu mstari mwekundu mpaka kibandani, pamoja na mpango aliokuja nao. Mama alisikiliza akimtazama. Kisha akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Mwambie baba yako. Leo." Neno la mwisho alilipigia mstari. Halafu akaongeza kwa chini: "Ndevu zake zinanichoma."

Kitinda alicheka huku machozi yakimtoka, na mama hakucheka naye. Alimpokonya kinasa sauti, akakirudisha chini ya mashuka, akafunga kabati.

Mzee alikuwa uani akipaka viatu rangi, viatu ambavyo hakuwa na pa kwenda navyo.

"Baba, si wewe uliyepoteza sauti ya mama."

Alimweleza amesimama. Mzee aliendelea kusugua kiatu kilekile mpaka alipomaliza kusikia.

"Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu siku ile nilipokuletea chai."

"Ukanisikia nikimwomba kaka yako msamaha."

"Nilikusikia."

Mzee aliweka kiatu chini. "Kufuta ni bahati mbaya. Hata mimi ningefuta. Lakini kuniacha nibebe..." Aliokota viatu vyake akaingia ndani, na usiku ule alikula chumbani.

Asubuhi alitoka amenyoa. Alikuwa ameshika kinasa sauti kwa mikono miwili. "Twende kwa huyo fundi," alisema, akatangulia, na njia nzima hakugeuka nyuma.

Ikaja kujulikana kwamba baada ya kufuta kadi, mzee alikuwa amerekodi kipindi cha redio kuhusu reli za zamani. Kipindi hicho kilikuwa kimekalia sehemu ya sauti za mama. Programu ya fundi ilichukua nusu siku kupekua kadi. Zilizopatikana zilitoka bila mpangilio: nyingine nzima, nyingine zimekatika, moja mama anasoma gazeti na katikati ya sentensi anaingia mtangazaji akieleza habari za makaa ya mawe. Wimbo wa kuhesabu ulifika sita ukazimika. Katika zile za kuita majina, la kaka lilipatikana, na la mzee lilipatikana. La Kitinda halikuwemo.

Fundi alirudia kutafuta bila kuombwa. Mzee alimtazama binti yake kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Halipo," alisema fundi.

"Sawa," alisema Kitinda. Hakuona kama ana haki ya kusema zaidi.

Jioni walimfungulia mama sebuleni. Alisikiliza amesimama mlangoni, kitambaa cha vyombo mkononi, uso wake haukuonyesha kitu. Ilipofika pale anapobishana na mzee kuhusu feni, mabega yakaanza kumtikisika, na ilichukua muda kujua ni kicheko. Kisha akaandika: "Inatosha kwa leo," akarudi jikoni. Mzee alimfuata. Kitinda alibaki na kompyuta, akiogopa kugusa hata kipanya.

Wimbo ulitumwa kwa kaka ulivyo, na kaka akasema kwamba baada ya sita atamalizia yeye. Nakala moja ilibaki kwa Polepole, nyingine kwenye diski mpya, nyingine kwenye ile ya zamani. Kila mwanzo wa mwezi mzee huzikagua. Huchomeka diski, hufungua faili moja baada ya nyingine, husikiliza kidogo, ndipo huenda kwenye inayofuata. Kwa muda mrefu kazi hiyo aliifanya peke yake, na Kitinda akipita nyuma yake huzungumza habari nyingine.

Mwezi uliopita mzee alichelewa kutoka hospitali alikompeleka mama kuangaliwa koo. Akapiga simu, akamwambia Kitinda aanze. Kitinda aliketi, akachomeka, akafungua zote, za diski ya kwanza na za ya pili, mpaka masikio yakamuuma. Mzee alipoingia alivua kofia, akauliza:

"Umezifungua?"

"Zote."

Mzee alitikisa kichwa kukubali. Kisha akavuta kiti, akavaa miwani, akaanza kuzifungua upya kutoka ya kwanza. Kitinda alimpisha, akakaa pembeni yake, wakasikiliza.