Ingobyi Isiyo na Pa Kutua

Asubuhi ile Zuena alikuwa anakaanga mandazi uani kwa mkwewe, huko Bugendana, aliposikia sauti ya binti yake Yasmina imebadilika. Uchungu wa uzazi una sauti yake, na ile haikuwa yenyewe. Aliepua karai, akamwagia makaa maji, akaingia ndani. Shuka lilikuwa limelowa damu.

Alikuwa ametoka Muyinga kuja kumngojea mjukuu, kama mama yeyote anavyomfuata binti yake anapozaa mara ya kwanza. Basi liliishiwa mafuta katikati ya njia, abiria wakalala vitini, asubuhi wakasukuma. Kwa hiyo mkunga wa kituo cha afya aliposema kwamba Yasmina lazima apasuliwe, na kwamba anayepasua yuko Gitega mjini, Zuena hakuuliza kuhusu gari. Gari la kituo lilikuwepo, limeoshwa, tangi tupu. Pikipiki ya Husni, mume wa Yasmina, ilikuwa chini ya mgomba, na kuku walikuwa wanataga kwenye kiti chake.

Wakatoa ingobyi.

Kila kilima kina ingobyi yake, machela ya kusukwa yenye miti miwili mirefu. Wanne wanaibeba mabegani, wengine wanafuata nyuma ili wapokezane. Sheria yake ni moja, na hata mlevi wa pale sokoni anaijua: ikishainuliwa, haiwekwi chini njiani. Aliyechoka anasema, "Pokea." Anayempokea anatanguliza bega, mti ukishamkaa sawasawa anasema, "Nimepokea." Hapo ndipo yule wa kwanza anatoa bega lake. Wazee wa wazee wao wamebebwa hivyo na hakuna aliyewahi kuangushwa.

Mbele alishika Valentin, Mkongomani wa Uvira aliyekimbilia Burundi zamani na sasa anauza vitenge Bugendana. Mwislamu hakuwa, jamaa hakuwa, lakini ingobyi haiulizi.

"Maman, usilie," alimwambia Zuena. "Tuko wengi. Mbele ya saa sita tuko mujini."

"Mi silii," Zuena alisema. "We angalia njia."

Njia ilikuwa ya kuangaliwa kweli. Mvua ilikuwa inanyesha na chini ya kilima hapakuwa na daraja. Maji ya masika yaliyopita yalilichukua. Pesa za kujenga jingine zilitangazwa redioni, watu wakazisikia kwa masikio yao, kisha zikahamishwa kwenda kuchunguza mahali pa kujenga uwanja wa ndege. Waheshimiwa wawili walikuwa wanaugombania uwanja huo. Mheshimiwa Prosper aliutaka Bugendana, Gitega ipate ndege zake. Mheshimiwa Bernadette aliutaka Muyinga, karibu na mpaka. Walikuwa wametupiana maneno mwaka mzima, na Bugendana watu walivua viatu wakavuka mto kwa miguu.

Wabebaji wanne waliingia majini. Mto ulikuwa umewafika kiunoni. Katikati Valentin aliteleza, na kwa mazoea ya miaka mingi akasema, "Pokea." Wenzake watatu, nao wakizama kwenye matope, wakasema vilevile. Nyuma yao hakuna aliyekuwa amewakaribia. Lakini sauti nne zilijibu, karibu kabisa, bila haraka: "Nimepokea."

Wakatoa mabega yao, kama sheria inavyotaka.

Ingobyi haikuanguka. Iliendelea mbele kwa usawa wa bega, ikiyumba kidogo kama inavyoyumba kila siku, ikavuka mto, ikafika ng'ambo. Pale njia inapinda kulia kuufuata mlima. Ingobyi haikupinda. Ilienda moja kwa moja, ikaipita migomba, ikaipita mikaratusi, ikawa juu.

Valentin aliwahesabu watu wake, akawakuta wote, wamelowa, wote upande huu wa mto. Hakutaka kuhesabu tena.

"Ni nani amepokea?" Husni aliuliza.

Zuena aliangalia juu mpaka mvua ikamjaa machoni. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, hata vitani, kwa sababu vitani alijua anamkimbia nani. Yasmina alikuwa ameinua mkono pembeni ya machela. Alikuwa hai.

Ingobyi haikwenda mjini. Ilizunguka juu ya kilima, polepole. Kabla ya adhuhuri magari mawili ya serikali yalifika ukingoni mwa mto, matangi yamejaa. Waliovaa suti walishuka, wakatazama juu, wakaandika. Mmoja alisema ile, kwa sasa, ni chombo cha angani. Mwingine alikubali. Wakamwomba Husni asogee kidogo ili wapate pa kugeuzia magari.

Kikao kilifanyika Gitega kesho yake, kwenye ukumbi uliojaa. Zuena alikwenda kwa miguu, akavuka mto ule ule, akafika na matope mpaka magotini, akakaa kiti cha mbele bila kuomba ruhusa.

Mheshimiwa Prosper aliongea kwanza. Alisema Gitega imemtoa abiria wake wa kwanza wa ndege kabla hata uwanja haujajengwa, na kwamba nchi nzima sasa imeona haja. Ukumbi ukapiga makofi. Mheshimiwa Bernadette alisimama, akasema mama yule kazaliwa Muyinga, kalelewa Muyinga, na mama yake mzazi huyu hapa ni mkazi wa Muyinga. Kwa hiyo abiria ni wa Muyinga, na akitua atatua kwao. Upande wa pili wa ukumbi nao ukapiga makofi.

"Waheshimiwa," Zuena alisema, "mi sina haja na ndege. Mi naomba kamba ndefu na vijana wa kuvuta. Mtoto wangu anatoka damu."

Wote walimsikiliza kwa adabu. Mtaalamu aliyeletwa kutoka Bujumbura alimweleza kwamba kila kilicho angani kiko chini ya ofisi ya usafiri wa anga, na kila kilicho ardhini kiko chini ya ofisi ya barabara. Kamba ingekuwa na ncha moja huku na nyingine kule. Ingehitaji saini mbili. Isitoshe, kukishusha chombo mahali pasipotangazwa kuwa uwanja ni kosa, na mahali penyewe ndipo palikuwa panajadiliwa.

Hapo Valentin alinyanyuka kule nyuma.

"Pardon, Waheshimiwa. Mi nauliza kitu kimoja tu. Ile pont, ile daraja yetu, pesa yake ilienda wapi? Juu kama daraja ingekuwa, huyu mama iko hospitali sasa hivi."

Zuena aligeuka kumfanyia ishara akae, akachelewa. Mheshimiwa Prosper alitabasamu, akasema swali zuri. Mheshimiwa Bernadette naye alitabasamu, na ndiyo mara pekee waliyokubaliana siku hiyo. Kijana mmoja mwenye kofia, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimwendea Valentin na kumuuliza jina lake na anakaa wapi, kwa upole kabisa, kisha akamwomba watoke nje kidogo waangalie karatasi zake za ukimbizi. Walitoka. Kibanda chake cha vitenge kina kufuli mpaka leo, na Bugendana watu wakipita pale wanaangalia upande mwingine. Zuena pia alijifunza kuangalia upande mwingine, na alijichukia kwa hilo.

Mtoto alizaliwa huko juu, alfajiri baada ya kikao, bila kupasuliwa na mtu. Kwanza kilisikika kilio, chembamba, kikitoka mawinguni. Wanawake waliokuwa wanapalilia maharage walinyoosha migongo, wakapiga vigelegele, kisha wakaendelea kupalilia. Kwenye majani ya migomba palikuwa na matone ya damu. Zuena aliyafuta kwa khanga yake, jani moja baada ya jingine, mpaka khanga haikuwa na pa kufutia tena.

Njia ya chakula ilipatikana. Ingobyi ilipopita karibu na kilele, wanawake waliwainulia uji kwenye chupa iliyofungwa ncha ya mwanzi mrefu. Yasmina alichukua, akarudisha chupa tupu. Uso wake ulikuwa unazidi kuwa mweupe, na kila siku mkono uliokuwa unaipokea chupa ulikawia zaidi kidogo. Radi zilipoanza, watu wa kilima kile, ambao kila mwaka wanazika mtu aliyepigwa na radi, waliwaombea wawili wale, Wakristo kwao na Waislamu kwao.

Mwisho waheshimiwa walipatana. Vitachunguzwa viwanja viwili, kimoja Bugendana na kimoja Muyinga, na bajeti ya barabara itasaidia kidogo mwaka huu. Abiria atabaki alipo mpaka uchunguzi ukamilike, kwa usalama wake. Picha ilipigwa, wameshikana mikono, na kwa nyuma, ukiangalia vizuri, machela inaonekana juu ya bega la Mheshimiwa Prosper.

Wiki hiyo hiyo ingobyi ilianza kwenda Muyinga. Asubuhi ilikuwa juu ya Gitega, na alasiri ilikuwa juu ya Muyinga, kila siku, bila kuchelewa. Watu wa njiani walianza kuitumia kama saa. Watoto wa shule walichora jua, ng'ombe, na Yasmina. Zuena naye akarudi kwao, siku mbili kwenye basi lile lile, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba kule inashuka chini zaidi.

Ni kweli inashuka. Nje ya mji wa Muyinga walikata mikaratusi, wakaweka kibao kinachosema uwanja unakuja, na baada ya swala ya alasiri ingobyi hupita juu ya uwanda huo, chini kiasi cha kuona nyuzi za machela zinavyoanza kukatika. Mlinzi aliwahi kumkataza Zuena asisimame pale kwa sababu ni njia ya ndege. Siku hizi amemzoea, anamwachia kivuli cha kibanda chake.

Siku ya kwanza ya kiangazi Yasmina alijiinua kwa kiwiko. Mtoto alikuwa mikononi mwake, amefungwa kitenge, amenenepa. Yeye hakuwa amenenepa. Alimtoa mtoto nje ya machela kwa mikono miwili, akamshikilia hewani juu ya mama yake.

"Mama," alisema. "Nimechoka. Pokea."

Zuena aliinua mikono. Aliruka, yeye na umri wake, akaruka tena. Kati ya vidole vyake na miguu ya mtoto palibaki urefu wa nyumba. Akatanguliza bega, kama sheria inavyotaka, na juu ya bega hapakuwa na kitu. Neno lilikuwa limeshamfika mdomoni. Angelisema, Yasmina angeachia, kwa sababu binti yake amelelewa vizuri na anajua kwamba anayesema amepokea amepokea. Zuena akaisokomeza ncha ya khanga mdomoni, akaiuma mpaka meno yakauma.

Yasmina alingoja jibu. Halafu alimrudisha mtoto kifuani, taratibu, na ingobyi ikapita.

Tangu hapo ni hivyo kila alasiri. Zuena amezunguka nyumba zote za karibu kuwaomba majirani wasimjibu binti yake, na majirani, ambao ni watu wema, wanafunga redio saa hiyo na kuwashika watoto midomo. Mlinzi naye hukaa kimya. Sauti inakuja kutoka juu, kila siku dhaifu kidogo kuliko jana, "Mama, pokea," na Muyinga nzima inanyamaza. Zuena anauma khanga yake na kusikiliza kwa hofu, kwa kuwa siku ile mtoni pia hakuna mtu wa kilima aliyejibu, na bado kuna waliojibu.

Daraja halijajengwa.