Kiti Kilichoipa Bahari Mgongo

Mume wangu akishapata kiti chake cha kukunja na bahari mbele yake, usimtafutie kitu kingine. Alichimba makaa ya mawe kule kwetu Dundee mpaka mapafu yakamwambia basi, na mwaka mzima husubiri siku hizi chache za Desemba tunapoteremka pwani, Scottburgh. Anakaa, anatazama. Nikimuuliza anatazama nini, hunijibu kwa jina la ukoo wa kwetu, "Uwazi, MaNgubane. Natazama uwazi."

Mwaka huu tulikwenda na makoti, mke mpya wa mwanangu Mthunzi. Kusema kweli, wao ndio waliopanga kwenda, wawili tu, fungate yao. Mthunzi akateleza ulimi mbele ya baba yake, na baba mtu papo hapo akaanza kuosha boksi la barafu. Ungemwambia nini?

Maskini Nokwazi, makoti wetu, alikuwa amejiandaa. Kofia pana ya ukili yenye utepe mweusi, miwani ya jua ya kufunika nusu ya uso, kikapu chenye vishikio vya ngozi, ndara za dhahabu, na riwaya nene yenye picha ya mwanamke amejilaza ufukweni. Kisha akavaa nini? Kitambaa kichwani, shali mabegani, sketi mpaka vifundoni. Baba mkwe yupo, na mbele ya macho ya baba mkwe mabega ya makoti hayatoki nje, jua liwake lisiwake. Kofia ilibaki juu ya kikapu siku baada ya siku. Na mtoto wa watu alikuwa hajawahi kuigusa bahari. Kwao Nquthu maji mengi kuliko yote ni ya bwawa la ng'ombe.

Basi akawa anasoma. Kitabu alikiinua mbele ya uso, maana baba mkwe hakaziwi macho wala hasemeshwi ovyo. Hata chai ya mzee makoti aliipitisha kwangu.

"Kitamu?" nikamuuliza.

"Mama, huyu msichana analia tangu ukurasa wa kwanza, na hajafa mtu."

"Analilia nini sasa?"

"Kuna mwanamume hampigii simu. Na mwanamume mwenyewe, Mama, hana hata kazi."

Nilicheka mpaka nikapaliwa na andazi.

Mthunzi alimnong'oneza waende wakaogelee nyuma ya miamba. Akakataa. "Nikajifiche kama mwizi? Wazazi wako watanionaje?" Hapo nilimpenda, sitaficha. Lakini upepo ulipoinua shali nikaona kamba ya vazi la kuogelea, rangi ya papai lililoiva. Alilivaa ndani kila asubuhi, na kila jioni lilirudi kavu. Moyo uliniuma. Nami niliwahi kukaa kwenye mchanga huu huu na shali ya sufu, mama mkwe ubavuni, upele wa joto shingoni. Watu husema, nilivumilia mimi, na yeye avumilie. Upuuzi mtupu.

Jioni ya kuamkia siku ya mwisho nikamfuata mzee akiosha masufuria.

"Baba Mthunzi, mtoto yule atarudi nyumbani hajalowa hata unyayo."

"Nimemzuia?"

"Hujamzuia. Upo tu."

"Sasa nife?"

"Nani kasema ufe? Kila siku ya Mungu anakuja amejiandaa kuingia majini, halafu anashinda na kitabu ambacho hata hakimpendezi."

"Desturi sikuitunga mimi, MaNgubane."

Akaendelea kusugua sufuria lililokwisha kutakata.

Asubuhi alitutangulia ufukweni. Tulipofika, nilidhani jua limempanda kichwani. Kiti kilikuwa pale pale pa siku zote, ila kimegeuzwa. Bahari kaipa mgongo. Mbele yake palikuwa na maegesho ya magari, mapipa ya taka na choo cha umma.

"Vipi tena, Baba Mthunzi?"

"Mwanga wa maji unaniumiza macho," akasema kwa sauti kubwa, ili asikie anayepaswa kusikia. "Leo sigeuki mpaka niambiwe. Mwambie makoti aniazime kitabu chake."

Makoti akanisogelea. "Mwambie Baba kitabu chenyewe ni kibaya."

"Anasema ni kibaya."

"Maisha yangu yote nimesoma matangazo ya mgodi. Kilete."

Shali ikaanguka, sketi ikaanguka, kofia ikapanda kichwani hatimaye, na ile rangi ya papai ikatimua mbio kuelekea majini, Mthunzi nyuma. Wimbi la kwanza lilimpiga magoti, akapiga ukelele ufukwe mzima ukageuka. Mtu mmoja tu hakugeuka. Niliiona shingo yake ikikaza.

"Ameingia?"

"Ameingia."

"Huo ni woga au furaha?"

"Anacheka. Kofia imechukuliwa na maji, mwanao anaikimbiza."

"Niambie na mengine."

Nikamwambia yote, wimbi kwa wimbi, naye akafunua kurasa akiyatazama mapipa. Mchana jua likamhamia usoni. Nikamvika ile kofia ya ukili, imelowa chapa, na miwani ya makoti juu yake. Watoto waliopita walimcheka, akawapungia mkono.

Alasiri makoti akatoka majini, akajikausha, akavaa kitambaa, shali na sketi, kila kitu mahali pake. Nilidhani atanituma mimi kama kawaida. Akanipita. Akapiga magoti mchangani kando ya kiti, macho chini, chumvi imemkaukia kwenye nyusi.

"Baba," akasema, yeye mwenyewe kwa kinywa chake. "Asante. Sasa geuza kiti, bahari bado ipo."

Mume wangu hakugeuka mara moja. Alivua miwani, akajifuta macho kwa kiganja, jicho hili na jicho lile.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Kitabu hiki kinasikitisha."

Kitabu kile nimekuja kukisoma baadaye, chote. Hakuna hata mahali pamoja pa kumliza mtu.