Tatu Kisha Nane

"Lorna, mpenzi, chai tutakunywa leo au kesho?" Clive aliuliza huku akiitandika mezani turufu yake ya mwisho.

Niliendelea kuzitazama karata zangu. Clive, mpinzani wetu, ana mdomo tangu nimjue, na akiona mtu anafikiri ndipo humwongezea kelele.

Mvua ilipiga bati la klabu yetu ya karata hapa Burnie. Nyuma ya kiti changu alisimama Noelene, nahodha wa timu, kikombe mkononi. Asubuhi ile Avis, mwenzangu wa mezani, alitupa kopa zamu ya uru, ilhali uru anazo. Nyekundu kwa nyekundu, hakuziona. Mwamuzi akaitwa, tukaadhibiwa. Noelene akanivuta jikoni, penye masinia ya skonzi, akasema, "Macho yake yamekwisha, Lorna. Mkishindwa leo, kwenye mashindano ya Hobart utakwenda na mtu mwingine." Tangu mumewe Avis afariki, mchezo huu ndio unaomtoa nyumbani. Nilimkasirikia Noelene, na zaidi kwa sababu hakukosea kabisa.

Sasa ulikuwa mchezo wa mwisho. Clive alihitaji kushinda mizunguko yote iliyobaki. Tukipata mmoja tu, ameanguka. Mkononi nilikuwa na karata tatu: mfalme wa uru, malkia wa pau na kumi ya pau. Moja ilibidi niitupe. Karata za Des, mwenzake Clive, zilikuwa zimeanikwa mezani, Clive akimchezea, kama kawaida ya mchezo huu, na malkia wa uru alikuwa ananikodolea macho. Nikimtupa mfalme, malkia yule atakuwa bwana, mradi Clive awe na uru ya kumfikia. Nikitupa pau, malkia wangu atabaki peke yake, ree ya Clive itamla.

Nikahesabu. Clive alianza na karata kumi na tatu kama sisi sote. Turufu sita, nilikuwa na hakika. Kopa mbili, maana ya tatu aliikata. Zilibaki tano, uru na pau. Za mezani na zangu nazijua, kwa hiyo uru tano nyingine waligawana Clive na Avis. Kila mmoja ameshatoa mbili. Ile ya tano iko kwa nani?

Avis alikuwa ameniambia kwa karata zake. Kwetu, ukitoa ndogo kwanza kisha kubwa, unamwarifu mwenzako kuwa idadi yako ni witiri. Kubwa kwanza, ni shufwa. Avis alitoa tatu, kisha nane. Yaani alianza nazo tatu, Clive alikuwa na mbili tu na zimekwisha. Alichobakiza ni pau tupu.

Ikiwa Avis aliona anachokitoa. Tatu na nane hufanana hata kwa macho yangu mimi.

"Amesinzia huyu," Clive akamwambia Des.

"Mwache afikiri," Avis akasema. Hakuniangalia, kama sheria inavyotaka, ila vidole vyake viwili vilizibana karata zake kwa nguvu. Nikimwamini nami nikaanguka, nitakuwa nimemzika mimi mwenyewe.

Nikamtupa mfalme.

"Lo!" Des akaropoka. Noelene nyuma yangu akaguna.

Clive alitabasamu, akapiga ree ya pau. Nikaweka kumi. Tabasamu likapungua. Karata yake ya mwisho ilikuwa jeki ya pau, akaiachia taratibu, na malkia wangu akaifunika.

"Uru," Avis akasema, kisha ndipo akaigeuza karata yake ya mwisho. Ilikuwa saba ya uru.

"Umejuaje mfalme hana kazi?" Clive akaniuliza, masikio yamemwiva.

"Niliambiwa," nikasema.

Noelene alizunguka meza, akaweka kikombe chini. "Avis, Hobart wanazo karata za maandishi makubwa. Nikuombee?"

Avis alizipanga karata ambazo hazikuhitaji kupangwa. Nikaona aibu inampanda shingoni.

"Omba," akasema mwishowe. "Ila usiandike jina langu. Waambie ni za Lorna, masikini, haoni vizuri."

Clive akacheka. Noelene akanitazama.

"Ni kweli," nikasema. "Sioni kabisa."